Mchezo unauzwa, mchezaji haulizwi

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Ng'ambo, au Wete na Chake Chake, hakosi kukiona kibanda kilichojaa vijana. Televisheni mbili tatu zimewashwa, watoto wawili wawili wameshika pedi mikononi wakifungana magoli, na wengine wamesimama nyuma yao wakingojea zamu. Mchezo wanaoucheza bado wengi wanauita FIFA, ingawa jina hilo uliliacha tangu mwaka 2023. Vijana hao wanawajua wachezaji wa Ulaya mmoja mmoja, nani ana kasi na nani hana. Wasilolijua, na ambalo hata wazee wao hawajaambiwa, ni nani mwenye mchezo huo, na nani amejitokeza kuununua.

Tarehe 29 Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Electronic Arts, kampuni ya California inayotengeneza mchezo huo, imekubali kununuliwa kwa dola za Marekani bilioni 55. Wanunuzi waliotajwa ni watatu: Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, kampuni ya mitaji iitwayo Silver Lake, na Affinity Partners, iliyoanzishwa na Jared Kushner, mkwe wa Rais Donald Trump. Kila hisa iliwekewa bei ya dola 210 taslimu. Desemba ya mwaka huo huo wenye hisa wakaridhia. Ulimwengu haujapata kuona kampuni ikinunuliwa kwa msaada wa mkopo kwa thamani kubwa namna hiyo.

Tunafahamu kwamba wapo watakaouliza: gazeti la visiwani lina haja gani na mambo ya michezo ya watoto, na kuna barabara za kujengwa na maji ya kusambazwa? Jawabu letu ni fupi. Dola bilioni 55 hazitolewi kwa ajili ya upuuzi. Dola yenye mafuta mengi kama Saudi Arabia inapotafuta riziki ya siku ambazo mafuta hayatatosha, na ikachagua michezo kuwa mojawapo ya milango yake, basi michezo imekwisha kuwa mali ya kiuchumi kama bandari na migodi. Mwaka 2023 kampuni ya michezo ya mfuko huo huo, Savvy Games, iliinunua Scopely kwa dola bilioni 4.9. Mwaka 2025 Scopely nayo ikanunua kwa dola bilioni 3.5 kitengo cha michezo cha Niantic, ambamo umo mchezo wa Pokémon GO uliowatoa watu majumbani mwaka 2016 wakizunguka mitaani na simu zao. Hatuna ugomvi na nchi hiyo. Kila taifa lina haki ya kuitafutia kesho yake akiba. Tunalotaka kulieleza ni namna biashara hii inavyokwenda, na nani anayelipa mwishowe.

Kwanza tuangalie fedha zenyewe. Katika zile bilioni 55, kiasi cha bilioni 20 kilipangwa kiwe mkopo kutoka benki ya JPMorgan. Kwa desturi ya manunuzi ya namna hii, deni haliwi juu ya mnunuzi. Huandikwa juu ya kampuni inayonunuliwa. Ni sawa na mtu anayenunua jahazi kwa fedha za kukopa, kisha akasema deni litalipwa na jahazi lenyewe. Kwa vile jahazi halina mfuko, watakaolipa ni abiria kwa nauli zao na mabaharia kwa ujira wao. Nahodha mpya ataanza kuhesabu: baharia yupi apunguzwe, tanga lipi lisishonwe mwaka huu, nauli iongezwe kwa kiasi gani kabla abiria hawajalalamika. Mkopo wa bilioni 20 una riba, na riba hailali.

Na nauli ya jahazi hili ni ipi? Zamani mtu alinunua mchezo mara moja, akaenda nao nyumbani, mambo yakaisha. Siku hizi sehemu kubwa ya mapato ya Electronic Arts haitoki katika kuuza mchezo wenyewe. Inatoka katika yale yanayouzwa baada ya mchezo kununuliwa. Katika mchezo wa mpira, tangu mwaka 2009, kuna sehemu ambapo mchezaji hujenga timu kwa pakiti za kadi. Anayelipa hajui ndani ya pakiti atamkuta nani: huenda akampata mshambuliaji mashuhuri, huenda akampata mlinzi asiyetakiwa na mtu. Akikosa, hununua nyingine. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hilo aghalabu ni mfuko wa mzazi. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zake, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza huko fedha za mchezoni za kununulia pakiti hizo. Uholanzi nayo ilitoza faini, lakini mahakama yake ya juu ikaifuta mwaka 2022. Kwa hiyo mabwana wa sheria wenyewe hawajaafikiana. Sisi tunasema tu kwamba kampuni iliyobebeshwa deni la bilioni 20 haitakuwa na hamu ya kuuza pakiti chache zaidi kuliko jana.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe kilichouzwa. Majengo na mashine za Electronic Arts hazina thamani ya dola bilioni 55, wala hazikaribii. Mchezo wa mpira wa kampuni hiyo ulianza mwaka 1993. Kwa zaidi ya miaka 30 watoto wa Manchester, wa Lagos, wa Jakarta na wa Mkoani wamekua nao, wamegombana na kupatana kwa sababu yake, na wengine wameujua uwanja wa Anfield kwa mchezo kabla ya kuuona katika matangazo. Kinachonunuliwa hapa ni mazoea na mapenzi ya watu. Mnunuzi ana yakini kwamba mapenzi hayo hayatahama, hata bei ikipanda, hata kazi ikilegea. Wahenga walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakati huu mgema amepata na tajiri wa kumkopesha maji.

Jambo hili kwetu si geni kama linavyoonekana. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Lugha ilikuwa yetu, mashairi yetu na sauti yetu. Na walioyapa masikio na machozi walikuwa watu wa visiwa hivi na mwambao mzima. Lakini sahani za santuri zilikuwa za kampuni. Aliyetaka kuisikia sauti ya Siti nyumbani kwake alilazimika kuinunua kwa watu wasioijua lugha aliyoiimbia. Hali kadhalika mkulima wa karafuu katika zama za ukoloni: aliupanda mti, akauchuma na kuzianika karafuu, na bei ikapangwa mahali asipokuwapo. Anayekifanya kitu kiwe na thamani na anayekimiliki ni watu wawili mbalimbali, na mara nyingi hawajapata kuonana.

Huenda mtu akasema kwamba tunatabiri mabaya kabla hayajatokea. Basi tuyatazame yaliyokwisha kutokea. Januari 2022 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard, yenye michezo ya Call of Duty, World of Warcraft na Candy Crush, kwa dola bilioni 68.7. Ununuzi ulikamilika tarehe 13 Oktoba 2023. Miezi mitatu baadaye, Januari 2024, wafanyakazi 1,900 wa idara ya michezo ya Microsoft waliambiwa kazi zao zimekwisha. Mei ya mwaka huo huo zikafungwa studio kadhaa ilizozipata mwaka 2021 ilipoinunua kampuni mama ya Bethesda. Mojawapo ilikuwa Tango Gameworks ya Tokyo, ambayo mwaka mmoja tu kabla yake ilikuwa imetoa mchezo wa Hi-Fi Rush uliosifiwa na wengi. Kazi nzuri haikuwa kinga. Studio hiyo iliokolewa Agosti 2024 na kampuni ya Krafton ya Korea Kusini. Wengine hawakuwa na bahati hiyo.

Huko Sweden kampuni ya Embracer ilinunua studio kwa makumi, moja juu ya nyingine, kama mtu anayekusanya kanzu asizozivaa. Mei 2023 mkataba mmoja wa dola bilioni 2 ulioutegemea ukavunjika. Agosti ya mwaka huo ikafungwa Volition, watengenezaji wa Saints Row, studio iliyokuwa na umri wa miaka 30. Waliofanya kosa la hesabu walikuwa wakurugenzi. Waliokusanya vitu vyao mezani na kwenda nyumbani walikuwa mafundi.

Lipo pia funzo la Bungie, waliobuni mchezo wa Halo. Microsoft iliwanunua mwaka 2000. Mwaka 2007 wakaomba uhuru wao, na wakaupata. Lakini Halo ilibaki kwa tajiri. Walitoka watu waliokibuni kitu, wakaacha nyuma yao jina, hadithi na kila walichokitia ndani yake, kwa sababu karatasi ilisema ni mali ya mwingine. Kijana yeyote wa visiwa hivi anayetaka kuwa fundi wa kazi hii ayasome mambo hayo kabla hajashika kalamu kutia sahihi.

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila ununuzi ni msiba. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua Mojang ya Sweden, wenye Minecraft, kwa dola bilioni 2.5. Wengi walihuzunika wakidhani mchezo umekwisha. Haukwisha, kufikia Oktoba 2023 nakala zilizouzwa zilipindukia milioni 300, na umeingia hata madarasani. Ni kweli pia kwamba kutengeneza mchezo mkubwa siku hizi kunahitaji mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na mwenye studio ndogo anaweza kuchoka, au kukosa mishahara ya mwezi ujao, akauza kwa hiari yake. Mtaji una kazi yake. Wacheza bao wanajua kwamba mtaji ni hatua mojawapo ya mchezo. Hatari huanza pale mtaji unapokuwa ndio mchezo mzima, na wachezaji wakawa kete.

Mataifa makubwa hayakukaa kimya kabisa mbele ya biashara hizi. Katika shauri la Microsoft na Activision, tume ya biashara ya Marekani ilikwenda mahakamani ikashindwa Julai 2023. Uingereza ilikataa kwanza, Aprili 2023, kisha ikakubali baada ya haki fulani za kucheza kwa mtandao kuuzwa kwa kampuni ya Ubisoft. Sony, mwenye PlayStation, akapata mkataba wa miaka 10 kwamba hatanyimwa Call of Duty. Angalieni basi nani aliyelindwa. Tajiri alilindwa dhidi ya tajiri mwenziwe. Katika makaratasi yote hayo, yule kijana anayelipa hakuwa na kiti. Fundi naye ilimbidi ajitafutie kiti mwenyewe. Julai 2024 watengenezaji wapatao 500 wa World of Warcraft walijiunga katika chama cha wafanyakazi. Hawakungoja huruma, walijua kwamba umoja ndio silaha ya asiye na hisa.

Jambo la mwisho, na ndilo linalomgusa mnunuzi wa kawaida moja kwa moja, ni hili: ukinunua mchezo, umenunua nini? Mwaka 2014 Ubisoft ilitoa mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew. Tarehe 31 Machi 2024 ikazima seva zake. Tangu siku hiyo aliyeununua kwa fedha zake halali hawezi kuucheza, hata akiwa peke yake chumbani, kwa kuwa mchezo ulifanywa usiweze kwenda bila ya seva za kampuni. Aliyelipa aliambiwa kwamba hakununua kitu; alipewa ruhusa ya kukitumia, na ruhusa imekwisha. Wazee wetu wa sokoni wangeliita jambo hili kwa jina lake. Muuzaji alikuwa na wajibu wa kubainisha anachokiuza: kikapu au kivuli cha kikapu.

Watu wa Ulaya walikasirika, wakaandika. Mwaka 2025 zaidi ya sahihi milioni moja zilikusanywa kuitaka Jumuiya yao ya Ulaya ilazimishe kampuni ziache michezo katika hali ya kuweza kuchezwa baada ya kuachana nayo. California, nyumbani kwa kampuni nyingi hizo, imepitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025: muuzaji wa bidhaa za mtandaoni asitumie neno kununua bila ya kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Haya hayakuletwa na mabwana wenye hisa. Yaliletwa na wachezaji waliochoka kufanywa wajinga.

Sasa turudi kwetu. Yapo mambo manne ambayo tunaamini yako ndani ya uwezo wa visiwa hivi.

La kwanza ni sheria. Zanzibar ina sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali na ulinzi wa mtumiaji. Tunawaomba Waheshimiwa Wawakilishi na watendaji wa Serikali waitazame tena kwa jicho la leo, na kuuliza kama inamkinga mzazi ambaye fedha zake za simu zimekwisha kwa pakiti za kadi, au mteja aliyeuziwa leseni akidhani ameuziwa kitu. Tunakiri kwamba visiwa peke yake havina ubavu wa kuiamrisha kampuni ya Paris au California. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mamlaka yake ya ushindani, na soko la watu wa nchi zote hizo halipuuzwi na mfanyabiashara yeyote. Sauti yetu ipelekwe huko, na ipelekwe ikiwa imeandikwa.

La pili ni mafunzo. Vijana wa vibandani wana akili ya mchezo. Wachache kati yao wakifundishwa kuchora, kuandika programu, kutunga hadithi na kupanga muziki, tutakuwa na mafundi. Chuo Kikuu cha Taifa na vyuo vya amali viitazame kazi hii kama kazi nyingine za mikono na akili. Na mafunzo hayo yasiishie kwenye mashine. Kijana afundishwe kusoma mkataba, ajue tofauti ya kuuza nakala na kuuza jina, na ajue kwamba aliyewauzia wengine jina la kitu chake atakuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga.

La tatu ni hazina yetu wenyewe. Kampuni za nje zinatafuta kila siku hadithi mpya na mandhari mpya. Hatutashangaa wakija kwa ngano zetu, Mji Mkongwe wetu, majahazi na ngoma zetu. Waje, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ofisi yetu ya hakimiliki iwe na jawabu kabla swali halijaulizwa: nani atatia sahihi kwa niaba ya wananchi, kwa muda gani, kwa faida gani, na ikiwa mchezo utazimwa, kitu chetu kitarudi kwetu au kitabaki kabatini kwa mtu?

La nne linawahusu wazazi na wenye vibanda. Mara kwa mara hutoka amri ya kuvifunga vibanda hivyo vyote kwa kisingizio cha nidhamu. Sisi hatuiungi mkono. Mtoto asiwe kibandani saa za skuli wala usiku wa manane, na hilo mwenye kibanda alisimamie. Lakini kijana anayecheza na jirani yake, wakicheka na kubishana, yuko mahali pazuri kuliko yule aliyejifungia chumbani na simu akilipia pakiti asizozijua. Kibanda kina macho ya mtaa. Mwenye kibanda, zaidi ya hayo, ni mfanyabiashara mdogo anayestahili kuelezwa kama mashine na michezo aliyoinunua itafanya kazi mwakani au itazimwa.

Kwenye mabaraza yetu bao linachezwa kama lilivyochezwa na mababu. Halina hati wala wenye hisa, na hakuna mtu mahali popote duniani awezaye kulizima. Aliyelibuni hajulikani, lakini kila anayekaa mbele yake ni mwenye nalo. Hatudai kwamba michezo ya leo itengenezwe hivyo. Mafundi wake wanataka kula. Tunadai kitu kidogo zaidi: kwamba waliokipa kitu thamani, kwa kazi zao na kwa mapenzi yao, waulizwe siku kinapouzwa, na waambiwe kweli siku wanapokinunua. Serikali inayowataka vijana wake wauamini uchumi mpya haina budi kuanza na haki hiyo.